Mama mkwe aliniuliza kama naumwa

Ilikuwa kama saa nne usiku, siku ya tatu tangu mama mkwe afike kutoka Bukoba. Nilikuwa nimeinama kwenye sinki nasugua sufuria ya maharage. Watoto walishalala, mume wangu yuko sebuleni anaangalia mpira. Mama akaingia jikoni na kitenge chake begani, akausukuma mlango kwa mgongo mpaka kitasa kikalia.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "unaumwa? Niambie mimi kabla hujamwambia mtu mwingine."

Nikageuka nikitabasamu, nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alinishika mkono wenye povu la sabuni, akakizungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo changu, kama mtu anayepima bangili.

Nikamwambia siumwi, Mama, niko salama kabisa. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Pole, mwanangu," akatoka.

Hiyo pole ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Hayo yalikuwa mwezi Mei. Wiki kadhaa zimepita na bado nasikia kile kitasa kikilia.

Kilo 11

Oktoba mwaka jana nilipimwa presha nikiwa nimempeleka kitinda mimba kliniki. Mashine ikasoma 148 kwa 94. Muuguzi akaniambia nikae, nipumzike, akarudia mara mbili. Ikakataa kushuka. Nilikuwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 160. Daktari hakunipa dawa siku ile. Alisema tuanze na uzito, chumvi na kutembea, halafu nirudi baada ya miezi mitatu.

Mama yangu mdogo alipata kiharusi akiwa na miaka 49. Mimi nina 41. Sikuhitaji hotuba ndefu.

Nilianza vibaya. Kwa wiki tano nilipika vyungu viwili: chao, na changu. Chao ni wali, mchuzi, chapati za Jumapili. Changu ni kabichi ya kuchemsha, yai na tango. Ninakaa nao mezani na bakuli langu dogo kama mgeni aliyetoka safari, nawatazama wanavyokula, kisha wakimaliza nanyanyua vyombo.

Na hapo kwenye kunyanyua vyombo ndipo palipokuwa na siri yangu.

Nusu chapati ya mdogo. Ngozi ya kuku aliyoibandua kaka yake. Vijiko viwili vya wali uliolowa mchuzi. Kwetu Tanga nimelelewa kwamba chakula hakitupwi, na mimi sikukitupa. Nilikila nikiwa nimesimama, mkono mmoja ukiwa tayari unafungua bomba. Wiki ya tano nilichukua daftari nikaandika kila nilichokula nikiwa nimesimama: makombo, kuonja chumvi, ukoko, andazi la kufungia mfuko. Ijumaa nilipohesabu, orodha ya kusimama ilikuwa ndefu kuliko ya kukaa.

Nikaacha chungu cha pili. Nikaamua kukirekebisha hiki kimoja tunachokula wote.

Nilianza na mafuta, maana nilikuwa nayamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Siku moja niliyamimina kwanza kwenye kikombe kama ninavyomimina siku zote, kisha nikayapima kwa kijiko cha chakula. Vijiko saba, kwa sufuria moja ya maharage. Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Yaani maharage yale, chakula ninachokiona cha kawaida kabisa, yalibeba kalori zaidi ya 800 za mafuta peke yake. Nikashuka hadi vijiko vitatu, baadaye viwili. Hakuna aliyeuliza.

Sukari waliiulizia. Nilikuwa nakunywa chai vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Hiyo ni gramu kama 36, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku ikiwa anataka faida zaidi kiafya. Na hapo sijagusa soda, ambayo chupa moja ya mililita 350 inaipita hiyo 25 peke yake. Ilinichukua miezi miwili kufika nusu kijiko. Soda zikahamia kwenye sherehe. Mkubwa alinuna wiki nzima.

Mpaka mwezi Mei nilikuwa na kilo 80. Presha 131 kwa 84. Sikumwambia mtu yeyote ila daktari. Niliona ni jambo langu, mwili wangu, hakuna haja ya kulitangaza.

"Nilikuwa natafuta kadi"

Usiku ule mama alipotoka jikoni nilikausha mikono, nikamfuata mume wangu chumbani. Nikamweleza nilichoulizwa. Nilitegemea acheke, aseme mama amezeeka.

Alikaa kitandani akivua saa yake taratibu.

"Na wewe ulifikiri hivyo?" nikamuuliza.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema mwezi Machi alifungua mkoba wangu nilipokuwa naoga.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kadi."

"Kadi gani?"

"Unaijua ni kadi gani."

Nikahisi hasira ikipanda mpaka kooni. Miaka 14 ya ndoa, na mwenzangu anapekua mkoba kutafuta kadi ya CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, badala ya kufungua mdomo. Nikamuuliza kama angeiona angefanya nini, angeondoka?

"Sikuitafuta ili niondoke," akasema. "Nilitaka kujua nianze kununua nini. Maziwa, nyama, nini."

Ndipo akanisimulia habari za baba yake mdogo. Nilijua alifariki zamani. Sikuwahi kuambiwa zaidi ya hapo, na katika familia ile hakuna anayeuliza.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujawa na jina la kitaalamu mdomoni mwa watu, kule uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kwenye fasheni na kuvushwa mpakani. Upande wa pili wa mpaka, Uganda, waliuita Silimu. Kukonda. Ugonjwa mzima ukabeba jina la dalili moja ambayo kila mtu aliiona kwa macho, hata bila kipimo.

Mume wangu alikuwa darasa la tatu baba yake mdogo aliporudi kutoka Mwanza. Anakumbuka mkanda wa suruali. Ulikuwa umeongezwa matundu kwa msumari, na ncha yake iliyobaki ilizunguka mpaka karibu na mgongo. Bibi yake alimpikia mgonjwa ndizi na nyama kila siku, wakati nyumba nyingine pale kijijini nyama ilikuwa ya sikukuu. Alimwekea chakula, akakaa pembeni akimhesabia matonge. Mgonjwa alikula mawili, matatu, akaisukuma sahani.

"Sisi watoto tulifurahi," mume wangu akasema. "Nyama aliyoiacha tulikula sisi."

Hakuendelea. Nami hasira yangu ilikuwa imekosa pa kukaa.

Nilikuwa nimekaa na mtu huyu mezani kwa miezi saba nikiisukuma sahani. Jioni baada ya jioni. Nilidhani ninachofanya ni hesabu ya kalori. Yeye alikuwa anahesabu matonge.

Kupungua na kunawiri

Kwetu mtu akikusifu anasema umenawiri. Akikuhurumia anasema umepungua, na anashusha sauti. Ofisini mwezi Februari mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Jirani aliniletea mayai ya kienyeji trei nzima bila kusema ni ya nini. Niliyapokea nikashukuru, nikaona ni ujirani mwema tu. Sasa naelewa kuwa alikuwa ananiuguza.

Niliwahi kuyachukia mambo haya. Nilisema watu wetu hawajui afya, wanaona kitambi ni utajiri na wembamba ni balaa. Bado naamini imani hiyo inatuumiza. Naona presha na kisukari vinavyoingia kwenye kila ukoo, na kwenye misiba tunasikia neno kiharusi mara nyingi mno. Lakini sikuwahi kujiuliza hofu ya kukonda ilitoka wapi. Mama mkwe amezika watoto wawili, shemeji na majirani asiowahesabu tena, na wote walianza kwa kuacha chakula kwenye sahani. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kupatikana bure kwenye vituo vya serikali, watu wake walikuwa wameshakwenda. Mtu aliyepita huko huwezi kumpa kipeperushi.

Kulipokucha nilimweleza. Tulikuwa tumekaa mlango wa nyuma, yeye akichambua mchicha. Nikamletea daftari la kliniki nikamwonyesha zile namba, nikamsomea moja moja. Presha, Mama. Ilikuwa 148, sasa ni 131. Nakonda kwa makusudi, daktari anajua.

Akaliangalia daftari muda mrefu ingawa miwani aliiacha ndani.

"Presha hata mimi ninayo," akasema. "Kwa nini hukusema, tukajua?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Bado sina zuri.

Mafuta ya mikononi

Siku ile akasema atapika yeye.

Alikuja na mikungu miwili kutoka Bukoba, imefungwa kwenye gunia, na kopo la senene wa kukaanga ambalo watoto walilimaliza kabla ya Jumatatu. Aliketi kwenye kigoda, akaomba mafuta ya kupikia. Nikamletea dumu huku moyo ukisita, nikijua chakula cha leo kitaelea. Akamimina matone machache kwenye kiganja, akapaka mikono yote miwili mpaka kwenye vifundo, akaanza kumenya. Ni kwa ajili ya utomvu, usigande vidoleni. Alimenya ndizi kama ishirini, kila moja akiipasua ganda kwa ncha ya kisu kwa urefu, kisha analivua kwa kidole gumba kwa mkupuo mmoja. Akazitumbukiza kwenye beseni la maji zisiwe nyeusi.

Maharage yalikuwa yameshachemka. Akapanga ndizi juu yake, akaweka kitunguu, nyanya, nyanya chungu nne, chumvi kidogo, maji. Akafunika na sahani kwa kukosa majani ya mgomba, akapunguza moto.

"Mama, na mafuta?" nikamuuliza.

Akaninyooshea viganja vyake vinavyong'aa.

"Haya hapa. Sisi mafuta tulijipaka. Kuyapika tumejifunza mjini."

Mimi hizi ndizi nimezipika miaka 14 kwa ajili ya mume wangu. Nilizikaangia vitunguu kwanza, nikaweka nazi kwa sababu mimi ni wa Tanga, na mafuta juu ya nazi. Nilidhani ndivyo anavyozipenda. Hakuwahi kunisahihisha, na mimi sikuwahi kumuuliza mama yake.

Nisidanganye hapa: mara ya kwanza niliona zimepooza. Nikaongeza limao na pilipili. Mkubwa alisema zinahitaji kitu, hakujua kitu gani. Mdogo alikula sahani mbili. Baba yao aliinama kwenye sahani yake hakusema neno mpaka alipomaliza.

Wala sidhani kwamba jibu ni kurudi kijijini kwenye sahani. Bibi wa mume wangu alikula ndizi mlo hadi mlo, lakini alilima, alibeba maji kichwani, alipanda mlima na kushuka. Mimi nakaa kwenye kiti cha ofisi kwa muda wa saa nane. Ndizi sita ni ndizi sita. Na kwa watoto ni kinyume chake: Kagera yenyewe, pamoja na migomba yote ile, imekuwa ikitajwa miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa wa watoto, maana tumbo la mtoto hujaa haraka kabla hajapata maziwa, mayai au samaki. Kwa hiyo wa kwangu wanawekewa dagaa pembeni na maziwa jioni. Chungu ni kimoja, sahani hazilingani.

Kilichobadilisha mambo siku ile kilikuwa upawa.

Kwa kawaida mama akiwepo ndiye anayepakua. Ananijazia, mimi naacha, yeye anaona. Siku ile aliinua upawa, akanitazama, na kabla sijajikaza kusema chochote akanikabidhi mpini.

"Jipakulie. Wewe ndiye unayejua daktari alisema nini."

Nikaweka ndizi tatu, maharage mengi kidogo, mchicha nusu ya sahani. Nikamaliza yote. Sikuacha hata punje. Nilimwona akiitazama sahani tupu, kisha akaendelea na chakula chake.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kila mtu anajipakulia, hata mdogo wa miaka mitano, na anaruhusiwa kuongeza. Makombo yamepungua hivyohivyo, bila sheria. Yanayobaki yanaingia kwenye kontena kwa ajili ya asubuhi. Mimi nikiwa nimesimama sili tena, na siku nikijisahau naketi chini pale pale jikoni.

Mkubwa

Kuna jambo moja sijalitatua, na naliandika kwa sababu najua siko peke yangu.

Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 11. Shuleni wanamwita Bonge. Aliniambia mwenyewe, akiwa amenipa mgongo, akijifanya anatafuta soksi. Akaniuliza kama na yeye anaweza kwenda "kwa yule daktari wako wa kupunguza."

Nikamwambia mtoto hapunguzwi, mtoto anakua. Naamini hivyo: kwa umri wake urefu unakuja, na kazi yangu ni kuhakikisha anacheza na anakula vizuri wakati anaungoja. Lakini niliposema hivyo niliona amepata jibu la mtu mzima anayetaka kumaliza mazungumzo. Je, nimwambie ana mwili mzuri, wakati ameniona mimi miezi saba nikiukimbia wangu? Je, ninyamaze? Kunyamaza ndiko kulikompeleka baba yake kwenye mkoba wangu.

Nilichofanya ni kidogo. Mizani nimeitoa bafuni nimeiweka juu ya kabati, naiteremsha mara moja kwa wiki wao wakiwa shule. Neno kunenepa silitumii tena mezani, wala nikiwa mbele ya kioo. Nikizungumzia chakula nasema presha, nasema nguvu, nasema meno. Na jioni nikifika namwita tutembee.

Hiyo kutembea ilianza kwa kuwa sikuwa na muda wa kitu kingine. Jogging klabu za mtaani zinapita Jumamosi alfajiri na filimbi na nyimbo zao, nazipenda, lakini saa hiyo mimi nina nguo za kufua na chai ya kuchemsha. Kwa hiyo nikitoka kazini nashuka kwenye mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar es Salaam, pale Baruti badala ya Kimara Mwisho. Raba ziko kwenye mkoba. Napanda ule mwinuko na umati wa watu wanaorudi nyumbani, napita wauza mahindi, napita mafundi cherehani, dakika 25. Siku tano ni dakika 125. Jumamosi tunatoka wote dakika 40, na hapo nimevuka zile 150 za wiki wanazotaka madaktari.

Mkubwa sasa ananipokea kituo cha Korogwe siku mbili kwa wiki. Anasema amekuja kunibebea mkoba. Hatuzungumzi habari za mwili. Ananieleza habari za mpira, nani kafunga, nani kauzwa timu gani, na mimi nahema na kuitikia. Juzi tulipofika kwenye mwinuko wa mwisho alisimama akaningoja, akanyoosha mkono bila kuniangalia. Nikaushika.

Sahani

Mama alirudi Bukoba mwishoni mwa Juni. Alipoagana nasi stendi ya Mbezi alinishika tena kile kifundo cha mkono, akakizungusha vidole vilevile, akakibonyeza, akaachia.

Anapiga simu kila Jumapili mchana, simu ya video, mjukuu mmoja wa kule akimshikia. Hasalimii kwanza watoto siku hizi. Jumapili iliyopita tulikuwa ndio tumekaa mezani, ndizi na maharage, samaki wa kuchoma, kachumbari.

"Nionyeshe sahani," akasema.

Nikaigeuza simu. Akasogeza uso mpaka kioo chote kikawa jicho na ukingo wa miwani.

"Na wewe," akamwambia mwanawe. Naye akainua yake.

Akaziangalia zote mbili, ya mume wangu kisha yangu, kisha akarudi tena kwa ya mwanawe.

"Mwongezee mchicha huyo."